Gurudumu Lililokuwa Bado Linazunguka

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi pale Ifakara, mwanangu, mpunga umeshavunwa na hewa inanukia makapi, nami nimesimama kwenye baraza la duka, mbele yangu gurudumu la baiskeli linazunguka. Nilikuwa nimeshasema yote niliyotaka kuyasema juu ya gurudumu lile. Nimenyamaza, natabasamu. Lenyewe lilikuwa bado linazunguka.

Nimeishi miji mingi tangu siku ile, na kila nikitulia mahali kidogo gurudumu lile hunirudia. Lilinirudia juzi, uliponionyesha kabureta uliyoifunga kwenye gazeti, ukaniambia unamuuzia rafiki yako, yule mnayeshinda naye mkifungua injini na kuzifunga ili magari yenu yakimbie kuliko yalivyoundwa. Nikakuuliza kama umemwambia ilitoka wapi. Ukacheka. "Mzee, ni nzima. Nimwambie nini tena?" Sikukujibu. Jibu lake ni refu, na mimi ninapoongea huwa naruka mambo. Nikaona niliandike.

Sisi hatukuwa na magari. Miaka ile ya hamsini reli ilikuwa haijafika bondeni, na gari la kwetu lilikuwa lori la mizigo, ambalo nalo masika yakikolea halikuonekana kwa wiki nyingi kwa sababu barabara ilikuwa chini ya maji. Tulikuwa na baiskeli. Lakini usifikirie baiskeli ya babu yako, yenye kengele, taa, madigadi na keria ya kubebea gunia. Vitu hivyo tulivitoa vyote siku ya kwanza. Tulitafuta rimu za aluminiamu badala ya chuma. Tulitafuta hendeli zilizopinda kama pembe za kondoo, na friwili za mnyororo zenye meno machache, ambazo zilikuwa ngumu kuanza nazo lakini zikishashika mwendo unasikia upepo unakuvuta masikio. Vitu hivyo havikuuzwa Ifakara. Vilikuja mkononi mwa karani aliyehamishwa, au dereva wa lori aliyetoka Morogoro, na vilikuja vimeshatumika. Kwa hiyo tuliuziana. Rimu moja ilipita kwa watu wanne watano kabla ya kufa. Ile uliyoikosa mwaka huu ungeiona mwakani chini ya kijana wa Malinyi, akikupita nayo.

Na ndipo palipokuwa na desturi yetu, ambayo mpaka leo naiona ni nzuri kuliko mihuri na karatasi zote nilizozikuta mbele ya safari. Tuliiita kusimulia.

Palikuwa na fremu kuukuu isiyo na magurudumu, imegeuzwa miguu juu, kwenye baraza la duka la Mzee Athumani. Mzee huyu asili yake Kilwa, na alikuwa amekaa Ifakara miaka mingi akiuza sukari, vitambaa na mafuta ya taa. Aliivumilia fremu ile kwa sababu iliwaleta wateja. Mwenye kuuza gurudumu alilipachika pale, akalizungusha mara moja kwa nguvu zake zote, na wakati linazunguka alilazimika kuisimulia habari yake: lilitoka kwa nani, limeanguka wapi, spoki zipi zimebadilishwa, lina ugonjwa gani. Mnunuzi hakuruhusiwa kusema neno. Likisimama, masimulizi yameisha. Hapo mnunuzi aliuliza swali moja tu, kisha wakapatana bei. Hendeli au pedeli ilisimuliwa vilevile, likizungushwa gurudumu lolote lililokuwa karibu.

Utani wetu mwingi ulikuwa hapo. Mtu akileta gurudumu bovu, linazunguka mara sita na kusimama, na hapo ndipo lilipokuwa na mengi ya kusimuliwa. "Ongea haraka, ndugu," tulikuwa tunamwambia, "mgonjwa anakata roho."

Gurudumu langu halikuwa na shida hiyo. Nilikuwa kijana wa Lipangalala, nimeonja sekondari kidogo na kurudi nyumbani, naitwa Beni, na sifa yangu ilikuwa kwamba magurudumu ya Beni hayasimami. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeshinda mashindano yetu ya kila mwaka, kutoka Sanje mpaka barazani kwa Mzee Athumani, Jumapili moja baada ya mavuno. Nyuma yangu alikuwa Kasiani, kijana mwenye mapaja kama mihimili na mdomo uliokuwa na nguvu kuliko mapaja. Wa tatu alikuwa Rajabu, mtoto wa Mzee Athumani mwenyewe, rafiki yangu tangu tulipokuwa tunaoga pamoja mto Lumemo bila nguo.

Watu waliniuliza siri. Nilikuwa najidai tu. Siri yenyewe, mwanangu, ilikuwa mafuta. Grisi ya dukani ilikuwa nzito na haba. Mjomba wangu alikuwa analinda shamba lake la mpunga dhidi ya nguruwe mwitu, na kila alipoua mmoja nilimwomba mafuta. Niliyachemsha taratibu, nikayachuja kwa kitambaa, nikatia nta ya nyuki kidogo ili yasivuje kwenye joto, na majani ya mchaichai ili yasinuke. Yalikuwa meupe, laini, na yananukia vizuri. Ukiyapaka kwenye gololi za kitovu cha gurudumu, lilizunguka kama halijui kusimama ni nini.

Sasa mwaka ule nilitaka kuondoka. Nilizaliwa na miguu isiyotulia, na nilikuwa nimeamua kuuza vipuri vyangu kimoja kimoja nipate nauli ya kwenda kuitazama dunia. Cha mwisho kilikuwa gurudumu la nyuma, lile la ushindi. Na aliyelitaka alikuwa Rajabu. Baba yake alikuwa ameamua kumpeleka Dar es Salaam akakae kwenye duka la amu yake. Mashindano yale yangekuwa ya mwisho kwake, na alikuwa hajawahi kushinda.

Kwa hiyo Jumatatu ile nililipachika kwenye fremu, wenzetu wote wamesimama, nikalizungusha. Nikaanza. Lilitoka kwa karani aliyehamia Tukuyu. Lilianguka nami kwenye daraja la miti karibu na Mang'ula, rimu ikapinda, nikainyosha, na bado inacheza upande kwa unene wa unyasi. Spoki tatu si za asili yake. Jino moja la friwili limelika. Ekseli nimeibadilisha. Nikamaliza. Nikaangalia, gurudumu lilikuwa linakwenda tu, kimya, spoki zake hazionekani. Watu wakapiga mbinja.

Katika kimya kile, mwanangu, nilikumbuka mafuta. Sitakudanganya kwamba sikukumbuka. Rajabu alikuwa kijana asiyeacha sala. Nilijua nguruwe kwao ni kitu gani, kama ninavyojua jina langu. Lakini nilijiambia kwamba mafuta si kasoro. Tulikuwa tunasimulia magonjwa, na haya ndiyo yaliyokuwa afya ya gurudumu. Tena nikisema, siri yangu imekwisha mbele ya Kasiani. Tena nikisema, Rajabu hatalichukua, na mimi siondoki. Mawazo yote hayo yalinipitia, na gurudumu likaendelea kuzunguka kana kwamba linaningoja.

Lilisimama. Rajabu akatumia swali lake. "Na mafuta?" akauliza.

"Ya kutengeneza mwenyewe," nikasema. "Siri ya fundi." Watu wakacheka. Na ili nionekane mkarimu nikampa nyongeza, kikopo kidogo cha mafuta yaleyale.

Jumatano nilipita dukani. Rajabu alinipokea kwa furaha, mikono inang'aa mafuta mpaka kwenye viwiko. Alikuwa amekifungua kitovu na kukifunga tena ili ajifunze. "Beni," akasema, "mafuta yako ni dawa. Unakumbuka makubadhi ya mzee yalivyokuwa yanalia kri kri mpaka watu msikitini wanageuka? Nimeyapaka. Nenda kasikilize. Mzee anatembea kama paka."

Nikamwona Mzee Athumani anatoka uani, amevaa yale makubadhi yake ya ngozi. Hayakulia. Alinitazama, akatabasamu, akanyoosha mguu kidogo anionyeshe.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Umenipa miguu mipya."

Nilirudi Lipangalala nikitembea, baiskeli naikokota.  Siku mbili nilitafuta njia ya kuliponya jambo bila kulisema. Niliwaza kwenda kuyaiba makubadhi. Niliwaza kumwambia Rajabu mafuta yameharibika, ayafute. Kila njia niliyoiwaza ilikuwa ndefu na chafu, na mwisho wake wangeendelea kusali na mafuta yale miguuni na mikononi, nami ningeendelea kuitwa rafiki. Ijumaa asubuhi nikasimama barazani kabla duka halijajaa.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake, tayari amevaa kanzu. Rajabu alikuwa ndani anapanga mabunda ya vitambaa. Nilimwamkia mzee, kisha nikasema kwa mara moja, kama mtu anayejitupa mtoni kabla hajapima maji. "Mzee, yale mafuta ni ya nguruwe."

 Niliona uso wake unafanya kazi ya kuelewa. Kisha akainama, akavua kubadhi moja, akavua la pili, akayaweka chini pembeni, mbali na kiti, taratibu, kama unavyoweka chombo chenye maji. Akabaki na miguu mitupu juu ya saruji.

Rajabu alitokea mlangoni. Alikuwa amesikia.

"Nilikuuliza, Beni," akasema.

"Uliniuliza."

"Mbele ya watu."

"Ndiyo."

 Afadhali angenipiga, ingawa alikuwa na mkono mzito. Alisimama akiitazama mikono yake, akiigeuza upande huu na upande ule.

Mzee Athumani akaanza kusema, na sauti yake ilikuwa ileile anayotumia kuuliza unataka ratili ngapi. "Mwanangu hana kosa, hakujua. Mimi sina kosa, sikujua. Vinavyooshwa vitaoshwa, hilo halina shida, dini imetufundisha. Sasa tuje kwako. Jumatatu nilikuwa hapo ndani napima sukari, nikakusikia unasimulia. Ulipofika mwisho, gurudumu lilikuwa limesimama?"

"Hapana, mzee."

"Lilikuwa linafanya nini?"

"Lilikuwa linazunguka."

"Basi muda ulikuwa nao."

Akainuka, akaingia uani peku. Hilo ndilo karipio lote nililopewa. Nimekaripiwa na walimu, na makarani wa wazungu, na mabwana shamba, na wengi wao walitumia nusu saa na mate mengi. Hakuna aliyefika ndani kama mzee yule na maneno yake manne.

Kutoka uani tukasikia sauti yake. "Rajabu, baada ya sala mpeleke mtoni. Mwonyeshe."

Nilimngoja Rajabu arudi kutoka msikitini. Nikamwambia nitalichukua gurudumu langu na kumrudishia pesa zake, tuyamalize.

"Si lako," akasema. "Nimelinunua. Chukua lile bakuli la bati."

Tulishuka Lumemo, yeye amebeba gurudumu, mimi bakuli, spana na chupa ya mafuta ya taa, na makubadhi ya mzee yakining'inia kwenye fimbo. Tukafungua kitovu, tukatoa gololi zote kumi na nane, tukasugua kwa mafuta ya taa mpaka weupe wote ukaisha. Nikadhani tumemaliza.

"Sasa maji," akasema. "Mara saba. Na mara moja katika hizo kwa udongo."

"Udongo kwenye gololi?"

"Udongo."

Mwanangu, wewe umekulia kwenye lami, huwezi kujua neno lile lilivyonikata. Fundi wa baiskeli wa bonde lile alikuwa na adui mmoja, nao ni udongo wa mto. Masika tulivuka maji na baiskeli vichwani kwa ajili yake. Ule mchanga mwororo, ukiingia kwenye kitovu, unakula chuma kidogo kidogo mpaka gurudumu linakoroma. Miaka yangu yote ya ujana nilikuwa nauzuia usiingie. Na sasa nilikuwa nimepiga magoti, nauchota kwa kiganja, nausugua kwa mikono yangu ndani ya kitovu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuvitengeneza. Nilijihisi nasuguliwa mimi.

Katikati tukapoteza hesabu.

"Hii ya tano," nikasema.

"Ya nne."

"Rajabu, ya tano. Nimehesabu."

"Ukiwa na shaka unashika ile ndogo. Ya nne."

Tukaendelea kutoka ya nne. Hapo ndipo nilipoona mdomo wake unacheza, kama mtu anayezuia kicheko. Nikamuuliza, "Na mikono yangu?"

"Mikono yako ni yako. Wewe si Mwislamu."

"Lakini ndiyo inayoshika gololi zako."

Akafikiri. "Basi osha," akasema. Nikaosha mara saba, nikasugua udongo, naye akinihesabia. Tukayaosha na makubadhi.

Tulikausha kila kitu juani kwenye jiwe. Mafuta tuliyotia safari hii yalikuwa ya nazi, yaliyotoka kwa ndugu zao wa pwani, mepesi mno kwa kazi ile, lakini tulikuwa hatuna mengine. Tulipolifunga na kulizungusha, lilitoa sauti. Kri. Kila mzunguko, kri. Punje moja ya Lumemo ilikuwa imebaki ndani mahali fulani.

"Tufungue tena," nikasema.

"Jua linaondoka. Na kesho kuna jambo jingine."

"Jambo gani?"

"Hukulisimulia lote. Utalisimulia upya."

Jumamosi asubuhi walikuwepo wote, kwa sababu lori la kutupeleka Sanje lilikuwa linaondokea pale. Nililipachika gurudumu kwenye fremu. Mzee Athumani alikuwa amekaa kwenye kiti chake peku. Safari hii sikuanza na karani wa Tukuyu. Nilizungusha, nikaanza na nguruwe. Nikasema nilivyoyachemsha mafuta, nilivyotia nta na mchaichai, nilivyojua na kunyamaza, nilivyoulizwa na kukwepa. Nikasema yalivyooshwa. Kisha ndipo nikarudi kwa karani, daraja la Mang'ula, spoki tatu, jino lililolika, na nikaongeza ugonjwa mpya, punje ya mchanga. Gurudumu lilikuwa linalia kri, kri, linapungua kasi. Nilisema neno la mwisho likiwa linamalizia mzunguko wa mwisho. Likasimama.

 Kisha Kasiani akajisafisha koo.

"Kwa hiyo mwaka jana," akasema, "sikushindwa na Beni. Nilishindwa na nguruwe."

Kicheko kilichotoka pale kilisikika sokoni. Hata Mzee Athumani alifunika uso kwa kitambaa. Mmoja akasema afadhali nguruwe, maana Kasiani huwa anashindwa hata na mbuzi wa barabarani. Kasiani akajibu kwamba mbuzi yule alikuwa na friwili ndogo. Walinitania njia nzima mpaka Sanje, na sikuumia. Nilikuwa nimebaki bila siri, na nilijisikia mwepesi kama baiskeli iliyotolewa madigadi.

Rajabu alikuwa na swali lake moja, na hakulitumia. Aliniambia tu, "Bei ni ileile."

Mimi sikukimbia mwaka ule, sikuwa na gurudumu. Nilirudi na lori mapema Jumapili, nikangoja barazani pamoja na mzee. Adhuhuri ilipopita tukaona vumbi upande wa Kibaoni. Walikuwa wawili, wamelala juu ya hendeli, bega kwa bega. Kabla sijazitambua sura zao nilisikia. Kri, kri, kri, haraka kama panzi. Nilisimama. Nilitaka kumsukuma Rajabu kwa macho. Lakini mapaja ya Kasiani yalikuwa ya Kasiani, akampita kwa urefu wa baiskeli moja penye nguzo ya baraza.

Rajabu akashuka, akakaa chini, kichwa kati ya magoti, jasho linadondoka. Nilijua alichokuwa anakiwaza, maana na mimi nilikuwa nakiwaza. Nikasema, "Ni ile punje. Nitalifungua leo, nitaitoa."

Akainua kichwa. "Iache," akasema. "Lilikuwa linanihesabia njia nzima. Sikuhisi niko peke yangu."

Wakati huohuo Mzee Athumani akatoka dukani kumletea mwanawe maji. Alikuwa amevaa makubadhi yake. Yalikuwa yamekauka kwa kupinda baada ya kuoshwa mtoni, na kila hatua yalisema kri, kri, kuliko hata zamani. Akasimama, akatuangalia, akaangalia miguu yake.

"Afadhali yalie," akasema.

Tukacheka wote watatu mpaka Rajabu akapaliwa na maji.

Sasa sikiliza sehemu ninayojivunia, kwa sababu mtu akikuandikia makosa yake tu anakuibia nusu. Jioni ileile alikuja kijana wa Malinyi, ana hendeli ya kuuza, na mnunuzi wake hakumwamini. Akasema, "Namtaka anisimulie yule wa nguruwe." Alikuwa ananitaka mimi. Niliikagua hendeli, nikaona ufa mwembamba chini ya utepe, nikausimulia, na hakuna aliyebishana. Tangu siku ile mpaka nilipoondoka, kipuri kikubwa hakikuuzwa Ifakara bila mimi kukisimulia. Watu walikuwa wanaamini kwamba kijana aliyesimama mbele ya wenzake akajisema mwenyewe, hawezi kuwaficha ufa wa mwingine. Sikuwahi kupata cheo kilichonifaa kama kile, na nimevaa sare mbili tatu.

Rajabu alikwenda Dar es Salaam, na kabla hajaondoka alimuuzia Kasiani gurudumu lile. Mimi nikashika njia yangu. Nimeuza vipuri vya malori Dodoma, Tabora na Mwanza, na kila nilikofika nimesimulia kabla ya kutaja bei. Kuna walioniona mjinga. Kuna walionifuata kutoka mji mmoja mpaka mwingine.

Miaka mingi baadaye nilipita Malinyi, nikamkuta mtu wa makamo anauza baiskeli chini ya kibanda. Niliisikia kabla ya kuiona vizuri: kri, kri. Alikuwa ameliinua gurudumu la nyuma na kulizungusha, akaanza kusimulia, hanijui. Lilitoka kwa karani, akasema. Lilianguka daraja la Mang'ula. Spoki nyingi si zake. Kisha akasema, "Na liliwahi kutiwa mafuta ya nguruwe na kijana mmoja wa Lipangalala, akamuuzia Mwislamu. Lakini alirudi akasema mwenyewe, wakaliosha. Huo mlio ni mchanga wa Lumemo. Hatuutoi, ndio alama yake." Nilisimama pale, mwanangu, mtu mzima, macho yamenijaa. Aibu yangu ilikuwa imepita kwenye mikono sijui mingapi, na kila mkono ulikuwa umeisimulia yote, mpaka na kurudi kwangu. Sikumwambia kwamba ndiye mimi. Nilimwamkia tu, nikamwambia ana kitu kizuri.

Kwa hiyo nakujibu lile swali lako la kabureta. Umwambie nini tena? Mwambie ilitoka kwenye gari gani, na gari lile lilipatwa na nini. Mwambie ulichokifungua na ulichokifunga. Usiishie kwenye kile unachokiita kasoro wewe; jiulize yeye ni nani, anaishi vipi, anakwenda wapi nayo, na ni jambo gani angependa kulijua kama angekuwa amesimama ndani ya kichwa chako. Hilo ndilo la kumwambia, hasa likiwa ndilo linalokupa faida. Akikuuliza, mjibu swali lake, usimfanyie mzaha. Na ukishakosea, rudi mapema, na ulisemee palepale uliponyamazia, mbele ya walewale. Mtu anayependa kitu unachokipenda wewe ni ndugu adimu. Usimpoteze kwa ajili ya kipande cha chuma.

Mungu akuongoze katika kuuza na kununua kwako. Akupe mikono safi na marafiki wa kukuhesabia. Na kila utakapokuwa na la kusema, akuzungushie gurudumu lako taratibu, ulimalize lote kabla halijasimama.